Nani Kaificha mysql_init? Washukiwa Kumi, Kutoka wa Nadra Hadi Sugu

Umeandika programu ya C inayozungumza na hifadhidata. Nukta-mkato zote ziko mahali pake, mabano yamefungwa, kompaila imelipitia faili lako kimya kimya. Unapojiandaa kujipongeza, inatokea hii:

```
/usr/bin/ld: /tmp/ccQ7xk2B.o: in function `main':
klayenti.c:(.text+0x1d): undefined reference to `mysql_init'
collect2: error: ld returned 1 exit status
```

Wengi wakifika hapa hurudi kwenye msimbo na kuanza kuhangaisha mistari isiyo na hatia. Tulia kwanza, umtazame anayesema. Kompaila ilishamaliza kazi yake na kuondoka. Huyu ni ld, linka, anayekuja mwisho kuunganisha vipande viwe programu moja. Kompaila ilikubali mysql_init kwa sababu mysql.h imeitangaza, na heda kazi yake huishia kwenye kutangaza. Heda ni menyu iliyobandikwa ukutani mwa mgahawa: pilau imeandikwa, bei ipo, lakini kama jikoni hakuna mtu utakaa hapo mpaka jioni. Jikoni ndiyo maktaba, na ld ndiye mhudumu anayerudi mezani mikono mitupu.

Kwa hiyo mara nyingi tatizo limo kwenye mstari wa amri uliouandika, wala msimbo hauna neno. Na ld, pamoja na ukali wake wote, hasemi uongo: jina linalokosekana amekutajia. Ukilitazama jina hilo vizuri, lenyewe linakuonyesha dawa. Tushuke basi, kuanzia kisa cha nadra hadi kile kinachokamata watu kila siku.

10. Jina lenye mkia

`undefined reference to 'mysql_init@4'`. Ukiona @ hapo mwishoni, uko kwenye Windows ya biti 32, na unastahili pole kabla ya dawa. Huko fanksheni za MySQL huitwa kwa utaratibu wa stdcall, na kompaila hubandika mwishoni mwa jina idadi ya baiti za hoja zake. mysql_init hupokea kielekezi kimoja, baiti 4. mysql_real_connect hupokea hoja nane, kwa hiyo inageuka kuwa mysql_real_connect@32. Ndani ya libmysql.dll majina yamehifadhiwa bila mkia, ndiyo maana MinGW, yaani gcc ya Windows, inaita na hakuna anayeitika.

Dawa: tengeneza maktaba ya kuingizia kwa dlltool, ukitumia chaguo la --kill-at, ambalo kazi yake ni kukata mikia. Dawa bora zaidi: hamia biti 64, ambako mikia hiyo haipo. Wa Visual Studio msicheke. Kosa lenu ni hilihili, ila limevaa tai: LNK2019, unresolved external symbol.

9. Jina lililokuja na mabano yake

`undefined reference to 'fungua_hifadhi(char const*)'`. Katika C, linka hujua fanksheni kwa jina tupu. Aina za hoja hazimhusu. Ukiona aina hizo ndani ya mabano, basi aliyeita amekompailiwa kama C++, lugha inayosuka jina pamoja na aina za hoja ili fanksheni mbili ziweze kuitwa jina moja. Faili lako la C kwa upande wake limehifadhi jina bila kusuka. Wanatafutana, wanapishana, na kila mmoja anaona mwenzake hakuja.

Usimsingizie mysql.h. Hiyo, libpq-fe.h ya PostgreSQL na sqlite3.h ya SQLite zote zimeshaweka extern "C" ndani yake tangu zamani. Heda uliyoiandika wewe ndiyo haina. Iongezee juu:

```
#ifdef __cplusplus
extern "C" {
#endif
```

na uifunge chini kwa mtindo huohuo. Lakini kabla ya yote, angalia jina la faili. gcc hulichukulia faili linaloishia kwa .C, herufi kubwa, kuwa ni la C++. Mchana mzima unaweza kupotelea kwenye kitufe cha Shift.

8. Jina usilowahi kuliandika

Ujumbe unalalamikia compress, dlopen, SSL_new, na wewe unaapa hujawahi kuita hata moja. Kweli, hujaita. Aliyeita ni maktaba uliyoileta.

Maktaba ya .so hubeba ndani yake orodha ya maktaba nyingine inazozitegemea. Maktaba ya .a ni furushi tu la faili za .o, halina orodha ya chochote, kwa hiyo ukiichagua unairithi pamoja na madeni yake. compress anadai -lz. SSL_new anadai -lssl na -lcrypto. dlopen anadai -ldl, na pthread_create anadai -lpthread. Ukiona operator new au majina yanayoanza na std::, ni kwa sababu matoleo mapya ya libmysqlclient ndani yake yana C++. Ongeza -lstdc++ au unganisha kwa g++. Ukichoka kuhesabu madeni kwa mkono, muulize anayeyajua:

```
pkg-config --static --libs libpq
```

Hapa ndipo ule ugomvi wa "kwangu inafanya kazi" unapozaliwa. Toleo 2.34 la glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, lililotoka Agosti 2021, lilihamishia fanksheni za pthread na dl ndani ya libc yenyewe. Mwenye mashine mpya anaweza kusahau -ldl mwaka mzima asijue. Akiukompaili msimbo huo kwenye seva ya zamani, ld anamkumbusha siku hiyohiyo. "Kwangu inafanya kazi" tafsiri yake ni "glibc yangu ni mpya".

7. Jina la marehemu

`undefined reference to 'mysql_connect'`. Fanksheni hii ilistaafishwa zamani, ikaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na mysql_real_connect. Lakini mifano ya kale haifi. Inanakiliwa kutoka kitabu hadi kitini, kutoka kitini hadi daftari la mwanafunzi aliyezaliwa baada ya mazishi. Kuna na load_defaults, iliyokuwa ya matumizi ya ndani na sasa maktaba haiitoi nje; kazi yake inafanywa na mysql_options ukiipa MYSQL_READ_DEFAULT_GROUP. Na kuna -lmysqlclient_r, maktaba ya programu zenye nyuzi nyingi, iliyokosa kazi tangu MySQL 5.5 pale libmysqlclient yenyewe ilipojitosheleza. Futa hilo _r, uendelee na maisha.

Usisafirie nyota ya mwenzio, wahenga walisema. Hasa kama mwenzio alisafiri mwaka 1999.

6. Jina la dada mtu

Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL mwaka 1995, aliipa jina la binti yake, My. Mwaka 2009, wakati MySQL ikielekea mikononi mwa Oracle, alianzisha tawi lake na kuliita MariaDB, kwa jina la binti yake mwingine, Maria. Katikati hapo palikuwa na MaxDB, jina la mwanawe Max. Nyumba ile mtoto akizaliwa, wahandisi wanaanza kuandaa seva.

Dada hawa wawili wanashirikiana majina mengi ya fanksheni, na hapo ndipo mtego ulipo. mysql_init iko kwa wote. Lakini mysql_real_connect_nonblocking, iliyoingia MySQL 8.0.16, haiko kwa MariaDB. Yeye kwa kazi hiyo ana mysql_real_connect_start. Ukisoma heda ya dada mkubwa halafu ukaunganisha na maktaba ya mdogo, ld atakugomea jina moja tu kati ya thelathini, na utabaki kujiuliza kosa limetoka wapi. Tangu Debian 9 ya mwaka 2017, anayeomba MySQL ya kawaida kwenye Debian anapewa MariaDB, kwa hiyo unaweza kuwa na Maria nyumbani ukidhani ni My.

Usibishane, chungulia ndani:

```
nm -D --defined-only /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libmariadb.so | grep mysql_real_connect
```

Jina lenye herufi T pembeni lipo. Jina lisiloonekana halipo, hata ukilikompaili kwa hasira. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime: chagua mmoja, heda yake na maktaba yake, mwingine umwondoe kwenye mashine.

5. Jina ulilolibuni mwenyewe

`undefined reference to 'hifadhi_mteja'`. Bwana, hiyo si ya Oracle wala ya Widenius. Ni yako. Iko kwenye hifadhi.c, na wewe umeandika `gcc klayenti.c` peke yake. ld hatembei kwenye folda akiuliza kama kuna faili lingine linalotaka kujiunga. Mtajie: `gcc klayenti.c hifadhi.c`, na kwenye Makefile usisahau hifadhi.o.

Ikiwa faili umelitaja na bado anakataa, tazama neno lililotangulia fanksheni. Ukiweka static, umeificha ndani ya faili lake, wengine hawaioni. Ukiweka inline bila static, umeingia kwenye kituko kitamu kuliko vyote. Kwa sheria za C99, ufafanuzi wa namna hiyo peke yake hautoi fanksheni inayoonekana nje. Ukikompaili bila chaguo la kuboresha kasi, gcc inaiita fanksheni ya nje, haipo, kosa. Ukikompaili kwa -O2, inaimeza palepale ilipoitwa na kosa linatoweka. Programu inayokataa wakati wa majaribio na kukubali siku ya uzinduzi! Andika static inline, ulale.

Na ukiona `undefined reference to 'main'`, umemwomba gcc akutengenezee programu kutoka faili lisilo na mwanzo. Ulikusudia -c.

4. Jina lililokosewa herufi

Libpq ya PostgreSQL ni maktaba nzuri yenye majina yaliyoandikwa kana kwamba herufi kubwa zilipigiwa kura. Ni PQexecParams, P kubwa katikati. Ni PQresultStatus, S kubwa. Ni PQerrorMessage. Basi PQgetValue? Hapana, ni PQgetvalue, yote ndogo baada ya PQ. Halafu PQntuples na PQgetisnull nazo ndogo, lakini PQcmdTuples ina T kubwa. Usitafute kanuni, fungua nyaraka.

Kundi la pili hapa ni wahamiaji kutoka PHP. Wanaandika mysql_fetch_assoc kwenye C kwa kujiamini kabisa. C haina hiyo. Ina mysql_fetch_row, na safu unazihesabu mwenyewe kuanzia sifuri. Hata PHP yenyewe iliziondoa fanksheni zile za mysql_ kwenye toleo 7.0 mwaka 2015, kwa hiyo unaita jina ambalo hata kwao halipo tena.

Linalouma ni kwamba kompaila ilikuonya. Kwa miaka mingi gcc ilitoa onyo tu la implicit declaration, ikadhani fanksheni usiyoitangaza inarudisha int, ikasonga mbele kukuacha kwa ld. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Onyo hilo lina sumu ya pili: ukisahau kuweka mysql.h lakini ukaandika jina sawasawa, ld atakubali, kisha kielekezi cha biti 64 kutoka mysql_init kikatwe kiwe int ya biti 32, na programu ianguke ikiwa inakimbia. GCC 14 ya mwaka 2024 ilichoka na mchezo huu, ikaligeuza onyo kuwa kosa. Wa matoleo ya nyuma, tumieni -Wall na muisome.

3. Jina sahihi, maktaba haionekani

```
/usr/bin/ld: cannot find -lpq
```

Hapa ld hajafika hata kwenye fanksheni, amekwama mlangoni. "Lakini PostgreSQL ipo, psql inafungua!" Inafungua, ndiyo. Kifurushi cha kuendeshea programu huleta libpq.so.5, yenye namba. ld akiambiwa -lpq hutafuta libpq.so au libpq.a, bila namba, na hizo huja na kifurushi cha waandishi wa programu. Kwenye Debian na Ubuntu ni libpq-dev, libsqlite3-dev na default-libmysqlclient-dev. Kwenye Fedora ni libpq-devel, sqlite-devel na mariadb-connector-c-devel.

Kama umeandika -llibpq, ld anatafuta liblibpq.so. Neno lib huongeza mwenyewe, hahitaji msaada wako. Na akisema `skipping incompatible`, faili ameliona ila ni la biti 32 na wewe unajenga ya 64, au kinyume chake. Amelipita kwa heshima.

2. Jina sahihi, maktaba sahihi, foleni mbaya

```
gcc -lpq klayenti.c -o klayenti
```

Kila kitu kipo, na bado haipiti. ld husoma kutoka kushoto kwenda kulia na hana tabia ya kurudi nyuma. Akikutana na maktaba ya .a, huchukua vile tu vinavyodaiwa hadi dakika hiyo. Hapo juu hakuna anayedai kitu, kwa sababu klayenti.c bado haijafika. Anaipita. Madai yakija, maktaba imeshaachwa nyuma.

Maktaba za .so zilikuwa zikisamehewa kosa hili, hadi Ubuntu 11.10 ya mwaka 2011 ilipoanza kumpa linka chaguo la --as-needed bila kuombwa. Tangu hapo .so isiyohitajika hadi inapotajwa nayo inaachwa, na amri iliyopita kwenye mfumo mmoja ikagoma kwenye mwingine. Kanuni ni moja: anayehitaji atangulie, anayehitajika afuate. Msimbo kwanza, -lpq mwisho. Kama una maktaba yako libhazina.a inayotumia libpq, ni -lhazina -lpq, kwa mpangilio huo.

Wenye Makefile, sikilizeni. Kanuni ya make iliyojengwa ndani huweka LDFLAGS kabla ya faili za .o, na LDLIBS baada yake. Ukiandika LDFLAGS = -lpq umepanga foleni kinyume kwa mkono wako. Iweke kwenye LDLIBS. Herufi zimepishana kidogo, matokeo yamepishana sana.

1. Maktaba hukuitaja kabisa

Bingwa asiyepingwa. `#include <mysql/mysql.h>` ipo juu, imekaa vizuri, na mstari wa amri ni `gcc klayenti.c -o klayenti`. Basi. Hakuna -l yoyote.

Kosa hili lina mzazi, naye ni printf. Kila mwanafunzi wa C huanza na stdio.h, anakompaili bila kutaja maktaba, maneno yanatokea kwenye skrini, na anahitimisha kwamba heda inatosha. Hajui kuwa libc, nyumbani kwa printf, huunganishwa na gcc kimya kimya kila mara. Libmysqlclient haipewi upendeleo huo, wala libpq, wala libsqlite3. Lazima uziite kwa majina:

```
gcc klayenti.c -o klayenti $(mysql_config --cflags --libs)
gcc klayenti.c -o klayenti $(pkg-config --cflags --libs libpq)
gcc klayenti.c -o klayenti -lsqlite3
```

mysql_config na pkg-config zinajua heda ziko wapi, maktaba ziko wapi na majina yake, kwa hiyo usizikariri njia za folda kama namba za simu za zamani. Wa SQLite wana njia ya mkato zaidi: mradi huo hutolewa pia kama faili moja kubwa, sqlite3.c. Likompaili pamoja na lako na umemaliza. Maktaba umeibeba mfukoni, ld hana la kuuliza zaidi ya -lpthread, -ldl na pengine -lm.

0. Nyongeza, maana C huhesabu kuanzia sifuri

ld amekubali. Faili la klayenti lipo. Unaliendesha:

```
./klayenti: error while loading shared libraries: libmysqlclient.so.21: cannot open shared object file: No such file or directory
```

Huyu ni mwingine: ld.so, anayepakia maktaba wakati programu inaanza, na njia zake za kutafutia ni tofauti na za ld. Amri ya ldd itakuonyesha iliyokosekana, ikiwa na maneno `not found`. Ongeza folda yake ndani ya /etc/ld.so.conf.d na uendeshe ldconfig, au ijenge ndani ya programu kwa -Wl,-rpath. LD_LIBRARY_PATH inafaa kwa kujaribu, usiifanye makazi ya kudumu.

Endesha tena. Safari hii yanakuja maneno haya: `Access denied for user 'root'@'localhost'`. Piga makofi. mysql_real_connect imepatikana, imeunganishwa, imepakiwa, imeitwa, imefika kwenye seva, na seva imeijibu. Kuanzia hapo C haina kesi nawe. Mtafute mwenye nywila.